Jinsi ya kumwelewesha mtu ugomvi wa ushuru wa South Carolina na Washington kwa kutumia vizibo vya soda

Mara ya kwanza nilipojaribu kuelezea hii mada, ya South Carolina, jimbo la kusini mwa Marekani, kugomea ushuru wa forodha wa serikali kuu ya Washington mwaka 1832, nilifeli vibaya. Nilikuwa na vijana kumi na saba chini ya mwembe hapa Tabora, Jumamosi, tunajiandaa na mdahalo, nikaanza na katiba ya Marekani, kifungu cha kwanza kinasema hivi, kifungu cha sita kinasema vile, jimbo lina mamlaka gani, serikali kuu ina mamlaka gani, chaki mkononi na ubao wa kuazima, na dakika kumi hazijaisha dogo mmoja nyuma anachora pikipiki kwenye daftari na mwenzake kalala mdomo wazi. Sikuwalaumu, hata mi ningelala.

Tangu siku hiyo nimeirudia mara kadhaa na nimebadilisha karibu kila kitu, kwahiyo naandika hapa kwa mwalimu, mzazi, au yeyote anayesimamia mdahalo wa vijana na kakutana na hii kitu wanayoiita nalifikesheni, yani jimbo kusema sheria ya nchi haina nguvu kwangu. Mi natumia neno kubatilisha, linatosha.

Utahitaji vizibo 100 vya soda. Usinunue soda mia jamani, nenda kwa mama anayeuza soda karibu na stendi, atakupa mfuko mzima bure na atakuuliza unataka vya nini. Utahitaji pia mkeka, karatasi chache, na saa.

ANZA NA MZIGO, KATIBA BAADAE

Mwaga vizibo vyote kwenye mkeka. Kila kizibo ni robota moja la pamba. Chagua watu wanne: mmoja ni mwenye shamba kule South Carolina, mmoja mnunuzi wa Liverpool, Uingereza, mmoja mwenye kiwanda cha nguo Massachusetts, na mmoja ni afisa forodha bandari ya Charleston. Huyu wa forodha mpe kofia au kitu chochote cha kumtofautisha, wanapenda.

Sasa waambie: huyu mwenye shamba pamba yake inauzwa nje, na bei hapangi yeye. Hapo vijana wa Urambo na Kaliua wanaguna kabla hujamaliza, maana kwao ni tumbaku, baba amekesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, anachochea moto ili majani yasiharibike, alafu siku ya soko belo lake linapewa gredi ya chini na bei inasomwa kwa dola, na mbolea alikopeshwa kupitia chama cha msingi na deni linakatwa kabla hajashika hata mia. Wa Igunga na Nzega watakuongezea ya pamba yenyewe. Usiwafundishe hii sehemu, waache waongee dakika tano, wewe nyamaza.

Alafu wape namba. Mwaka 1818 ratili moja ya pamba (karibu nusu kilo) ilikuwa inacheza kwenye senti 30 hivi. Ukaja mtikisiko wa uchumi wa 1819 bei ikaporomoka, na miaka ya mwisho ya 1820 ilikuwa imebaki kama senti 10. Hapohapo ardhi ya South Carolina imechoka, watu wanahama kwenda Alabama na Mississippi kwenye udongo mpya, na pamba ya huko mpya nayo inaingia sokoni inazidi kushusha bei ya wale waliobaki. Kwahiyo mtu ameshakasirika kabla hata hujamtajia neno ushuru.

Sasa mnunuzi wa Liverpool alipe. Mwenye shamba anachukua hela yake ananunua nguo, mablanketi, vitu vya chuma kutoka Uingereza, anarudi navyo Charleston, na pale mlangoni yupo mtu wa forodha. Mbunge mmoja wa kwao, George McDuffie, alikuwa na hesabu yake maarufu sana enzi hizo: ushuru ukiwa asilimia 40, basi katika kila marobota 100 anayolima mkulima, 40 anayachukua mwenye viwanda wa kaskazini. Mwambie afisa forodha asogeze vizibo 40 pembeni, taratibu, kimoja kimoja, vinalia kwenye mkeka, na uso wa yule aliyekuwa mwenye shamba uuangalie. Hii hesabu ilisambaa kwasababu hata asiyejua kusoma aliielewa.

Alafu ivunje. Waulize, je ni kweli alipoteza 40? Huwa natumia ushuru wetu wa mazao hapa: kisheria anayelipa ule ushuru wa halmashauri ni mnunuzi, mwaka 2017 kiwango kiliwekwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, lakini muulize mkulima yeyote nani anaumia, atakwambia mnunuzi akija ameshaupigia hesabu anakushushia bei. Sawa. Na mnunuzi naye atakwambia kuna siku soko ni kali hawezi kushusha, anaubeba mwenyewe. Kwahiyo mzigo wa kodi haukai pale sheria ilipouweka, unateleza. McDuffie alikuwa amechukua mzigo wote akauweka kwa mkulima wa pamba peke yake, kama vile anatumia kila senti kununua vitu vya nje, na kama vile mtu wa New York akinunua blanketi la Uingereza halipi ushuru huohuo. Lakini hakuwa anaota kabisa, maana Mwingereza asipouza nguo zake Marekani anapata wapi hela ya kununulia pamba? Wakiishika hii pande zote mbili, nusu ya kazi umemaliza. Mi hapa natumia hata nusu saa.

MTEGO ULIOMNASA MTEGAJI

Sheria yenyewe ya 1828 usiipite haraka, ina utamu wake. Marekani walikuwa wameanza ushuru wa kulinda viwanda 1816, wakapandisha 1824, na 1828 ndo wakaenda mbali, bidhaa nyingi zilipigwa mpaka karibu nusu ya thamani yake. Kusini wakaiita ushuru wa machukizo.

Ila ilivyopita ndo balaa. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, Rais ni John Quincy Adams, na mpinzani wake ni Andrew Jackson. Wabunge wa upande wa Jackson wakaandika mswada wenye ushuru mkubwa hata kwenye malighafi, sufu, katani, chuma, molasesi, vitu ambavyo viwanda na wenye meli wa New England, yani majimbo ya kaskazini mashariki kama Massachusetts, walikuwa wanavihitaji kwa bei rahisi. Wabunge wa kusini wakaona poa, tusiupunguze makali, tuuache uwe mbaya hivohivo, hao jamaa wa New England wataukataa wenyewe na sisi tutaukataa, utakufa, na hakuna wa kutulaumu. Siku ya kura, wa kutosha wa New England wakaumeza na uchungu wake. Kura 105 kwa 94 bunge la chini, 26 kwa 21 Seneti, Adams akasaini tarehe 19 Mei 1828. Mtego wa panya ukamnasa aliyeutega.

Vijana wanacheka sana hapa, waache wacheke, lakini waandike zile kura, maana zinaonyesha kitu: kusini hawakuonewa na mtu mmoja aliyekaa juu, walishindwa kwenye hesabu ya wabunge, kwa kura chache, na wao wenyewe wamechangia. Kwenye mdahalo hiyo ni silaha.

WATU WAWILI WALIOBADILISHANA VITI

Usilete majina kumi na tano. Manne yanatosha: John C. Calhoun, Andrew Jackson, Daniel Webster, na Henry Clay, huyu ndo atakuja kuwapatanisha mwisho.

Anza na hili: mwaka 1816 Calhoun wa South Carolina aliunga mkono ushuru wa kulinda viwanda, na Webster wa New England aliupinga, maana kwao wakati ule hela ilikuwa kwenye meli na biashara ya nje. Mwaka 1828 Webster anaupigia kura, Calhoun anaupinga. Wamebadilishana viti. Waulize vijana, nani msaliti hapo? Jibu zuri nililowahi kusikia lilitoka kwa binti mmoja wa kidato cha tatu: "Mwalimu, hawajabadilika hao, wapiga kura wao ndo wamebadilisha kazi." Sikuwa na cha kuongeza.

Calhoun kuna kitu kingine. Mwaka 1828 alikuwa Makamu wa Rais. Makamu wa Rais wa nchi nzima kaandika kimyakimya waraka wa jimbo lake unaosema jimbo linaweza kukataa sheria ya nchi, na bunge la jimbo likautoa Desemba bila jina lake. Mwaka uliofuata akawa Makamu wa Jackson. Kwahiyo alikuwa Makamu wa maraisi wawili mfululizo huku kwenye droo ana karatasi ya kuwakatalia wote wawili.

Jackson naye watu walidhani ni wao, kazaliwa mpakani mwa hizo Carolina mbili, mwenye watumwa, mtu wa kusini. Aprili 1830 kwenye karamu moja Washington ya kumkumbuka rais wa zamani Thomas Jefferson akanyanyua glasi akasema kwa kifupi kabisa kwamba muungano wetu lazima udumu, anamtazama Calhoun, na Calhoun akajibu kwamba muungano ni kitu tunachokipenda sana, baada ya uhuru wetu. Wachezeshe hiyo, glasi za maji zinatosha. Ukiwa na vijana wenye vipaji utapata ukimya mzito kabisa pale kwenye "baada ya".

SASA LETA KATIBA, ILA SWALI MOJA TU

Swali ni: sheria ikipitishwa na mimi naamini inavunja katiba, nani mwamuzi wa mwisho?

Calhoun alisema hivi. Majimbo yalikuwepo kwanza, yakafanya mkataba, yakaajiri serikali kuu kama unavyoajiri wakala. Wakala akizidisha mipaka, mwajiri anasema hapana. Jimbo linaitisha mkutano maalum wa wananchi, linatangaza ile sheria haifanyi kazi ndani ya mipaka yake, na kama wengine wanaona inafaa basi robo tatu ya majimbo yarekebishe katiba waweke hayo mamlaka wazi. Alikuwa anajenga juu ya matamko ya mabunge ya majimbo ya Virginia na Kentucky ya 1798 ya kupinga sheria za serikali kuu, yaliyoandikwa na James Madison na Jefferson, wote walikuja kuwa marais. Tatizo, Madison alikuwa bado yupo hai, mzee sana, na akasema hapana jamani, mi sikumaanisha hivyo.

Upande wa pili, Webster kwenye mjadala wake na Robert Hayne, seneta wa South Carolina, Januari 1830 na baadae Jackson, wao wakasema katiba waliifanya wananchi, siyo majimbo. Na katiba yenyewe inalipatia Bunge mamlaka ya kutoza ushuru, inataka ushuru ufanane nchi nzima, na inazuia majimbo kujitozea ushuru wa forodha bila idhini.

Hilo neno kufanana wengi wanalipita, na ndo roho ya kesi. Kulielezea mi situmii katiba, natumia geti. Nawauliza: barabarani kuna mageti matatu ya ushuru, moja likitangaza kuanzia Jumatatu hapa hatutozi, malori yatapita wapi? Wanajibu kwa pamoja hata kabla hujafika mwisho, na kuna mmoja atakutajia njia ya panya anayoijua yeye. Basi, Charleston ikiacha kutoza, meli zote za Uingereza zinashusha Charleston, mzigo unasambaa nchi nzima kutokea hapo, na forodha ya New York na Boston inabaki kuota majani. Jimbo moja likibatilisha ushuru, limewabatilishia wote. Hii hoja ni ya kawaida kabisa ya kibiashara na inaua kuliko hotuba zote za Webster.

Angalizo dogo. Lazima mtu atauliza, je halmashauri yetu inaweza kukataa kodi ya serikali kuu? Usikubali ufananisho uende mbali. Sisi siyo shirikisho, halmashauri inapewa nguvu za kutoza na sheria ya Bunge, na Bunge likibadilisha kiwango kimebadilika, ndo ilivyokuwa 2017. Na ushuru wa forodha upo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Geti ni mfano wa malori tu, usiwe mfano wa katiba. Kuna siku nilisahau kusema hivyo tukatumia saa nzima kubishana kuhusu ushuru wa mkaa.

TAREHE CHACHE, ZISEME KAMA STORI

Julai 1832 Bunge linapunguza ushuru kidogo, wanadhani limeisha. South Carolina wanasema haitoshi. Wanaitisha mkutano mjini Columbia, tarehe 24 Novemba 1832 wanapiga kura 136 kwa 26, sheria za 1828 na 1832 ni batili hapa kwetu, kuanzia tarehe 1 Februari 1833 hakuna kukusanya, na mkituletea jeshi tunajitoa kwenye muungano. Tarehe 10 Desemba Jackson anatoa tamko: kubatilisha ni kuua muungano, na kujitenga kwa silaha ni uhaini. Mwisho wa Desemba Calhoun anajiuzulu Umakamu anaingia Seneti kuchukua kiti cha Hayne, na Hayne anakuwa gavana anaandikisha wanamgambo. Jackson naye alikuwa ameshamtuma jenerali Winfield Scott kuimarisha ngome za bandari ya Charleston.

Hapa simama, kuna kitu kizuri kinapotea kila mara. Watu wanafikiri ugomvi ungekuwa mizinga. Wenyewe walikuwa wamepanga ugomvi wa makaratasi. Wakati ule mwenye mzigo halipi ushuru taslimu pale bandarini, anaandika hati ya kuahidi kulipa, anachukua mzigo wake anakwenda, analipa baadae. Sasa mpango wa South Carolina ulikuwa mfanyabiashara asaini hati, achukue bidhaa, muda ukifika agome, serikali ikimshtaki kesi inaishia kwa wazee wa baraza wa jimbo walioapishwa kuheshimu ule ubatilishaji. Mzigo umeshauzwa, hela hakuna, na hakuna risasi hata moja. Jackson akaling'amua. Ndo maana ule mswada wa nguvu alioupeleka Bungeni, pamoja na mambo ya jeshi, ulitaka forodha ihamishiwe sehemu salama, hata kwenye ngome au kwenye meli, na ushuru ulipwe taslimu, huna hela mzigo unabaki. Yani hataki kukufuata nyumbani kwako, anakaa mlangoni. Mtu yeyote aliyewahi kuzuiliwa gunia lake mpaka risiti ionekane ataelewa akili iliyotumika hapo.

Cheza hii na vizibo. Raundi ya kwanza mwenye shamba aandike karatasi ya ahadi, apite na mzigo, alafu agome. Raundi ya pili taslimu tu. Hutahitaji kuelezea tena.

Mwisho wake ni fimbo na mkate siku moja. Tarehe 2 Machi 1833 Jackson anasaini mswada wa nguvu, ambao Seneti ulipita 32 kwa 1, huyo mmoja ni John Tyler, na anasaini pia sheria ya Clay, aliyokubaliana na Calhoun, ya kushusha ushuru pole pole mpaka asilimia 20 ifikapo 1842. Ile tarehe ya Februari walikuwa wameshaisogeza wenyewe kwenye mkutano Charleston, hawakutaka kufika ukingoni. Tarehe 15 Machi wanafuta ubatilishaji wao, na tarehe 18, ili wasiondoke mikono mitupu, wanaubatilisha ule mswada wa nguvu ambao tayari ulikuwa hauna kazi. Vijana wakiuliza nani alishinda, wape hizo tarehe tatu wagombane wenyewe.

USIACHE HII NJE

Nimeona mada hii inafundishwa mwanzo mpaka mwisho bila mtu kuuliza nani alikuwa shambani. Yale marobota hakulima yule mwenye shamba. Kwa sensa ya 1830 zaidi ya nusu ya watu wote wa South Carolina walikuwa watumwa, na wenyewe wenye mashamba walikuwa wanaishi na hofu, hasa baada ya 1822 pale Charleston walipowanyonga Denmark Vesey na wenzake kwa madai ya kupanga maasi. Hofu yao ilikuwa hii: Washington ikiwa na nguvu ya kutumia ushuru kupanga uchumi wetu, kesho itakuwa na nguvu ya kugusa utumwa. Calhoun mwenyewe aliandika kwenye barua ya Septemba 1830 kwamba ushuru ni tukio tu lililofungua mambo, chanzo chenyewe ni ile hali ya pekee ya majimbo ya kusini, na kila aliyesoma alijua anaongelea nini.

Sasa mi hapa huwa nafanya kitu. Nachagua kijana wa tano tangu mwanzo, namkalisha pembeni ya mkeka, simwambii yeye ni nani. Anakaa hapo muda wote vizibo vinasogezwa, wanabishana arobaini au siyo arobaini, yeye hana kizibo hata kimoja na haulizwi. Mwisho kabisa ndo nasema, huyu ndo aliyelima. Mara ya kwanza kufanya hivi yule kijana alisema, "Nilijua tu, maana hamkuniangalia." Na sisi tumekaa chini ya mwembe, na hapa kwetu wazee wanakwambia hii miembe ya mjini inafuata njia za misafara, pembe na watu waliofungwa, kutoka Ujiji kupita hapa mpaka Bagamoyo. Siongezi hotuba. Naacha kama dakika moja tunaendelea.

KUENDESHA MDAHALO WENYEWE

Gawa pande kwa kura, alafu wakishajiandaa wiki nzima, siku yenyewe wabadilishe upande. Watakuchukia. Fanya tu. Mtu aliyejiandaa kumtetea Calhoun akilazimika kumtetea Jackson ndo anaonyesha kama alisoma au alikariri. Dakika nne kila msemaji, mbili za maswali.

Upande wa South Carolina kuna swali moja lazima wajiandae nalo: kwanini hakuna jimbo lingine hata moja lililowaunga mkono? Kusini kote walichukia ushuru, lakini mabunge ya majimbo jirani yalilaani kubatilisha. Na ndani ya South Carolina kwenyewe kulikuwa na wapinzani, mmoja wao Joel Poinsett, huyu alikuwa anawasiliana na Jackson moja kwa moja, na ndo yule ambaye jina lake walilipatia lile ua jekundu la Krismasi linalopandwa mbele ya nyumba hapa mjini, wengi hawaamini mpaka uwaonyeshe.

Upande wa Washington nao wana la kwao, na msipowabana hapo majaji mtakuwa mmelala. Mwaka huohuo 1832 Mahakama Kuu ya Marekani chini ya jaji mkuu John Marshall ilisema sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu kwenye ardhi ya Wacherokee, wenyeji asilia wa kule, Georgia wakapuuza, na Jackson huyuhuyu wa sheria ni moja nchi nzima hakunyanyua kidole. Kesi ilikuwa ya wamisionari waliofungwa na Georgia kwa kukaa kwenye ardhi hiyo bila kibali cha jimbo, nao waliachiwa Januari 1833 kwa msamaha wa gavana, wakati Washington haitaki kabisa Georgia iungane na South Carolina. Basi uliza: kwanini Charleston meli za kivita na Georgia kimya? Nimeshaona timu nzima inanyamaza kwa hilo swali. Jibu lipo, kwamba Jackson alitaka kilekile walichotaka Georgia kuhusu ile ardhi, lakini kulisema ukiwa upande wake kunakuvua nguo.

Kupanga matokeo usihesabu makofi. Mi natoa alama kwa vitu viwili, kama msemaji ametaja hoja ya mwenzake kwa usahihi kabla ya kuipiga, na kama ametumia namba angalau moja. Basi.

Ukimaliza okota vizibo vyote uvihesabu, huwa vinapungua, watoto wadogo wanaviiba vya kuchezea. Usivitupe, maana kile kiwango cha asilimia 20 kilifika 1842 na mwaka huohuo Bunge likaupandisha ushuru tena, kwahiyo Jumamosi inayofuata utavimwaga upya kwenye mkeka.